Krismasi na Vitu Vitamu vya Utotoni Katika Nchi ya Tarime na Serengeti

Sikukuu ya Kuzaliwa Bwana ilipata tarehe yake katika nchi zenye majira ya baridi. Kumbukumbu ya kale ya tarehe 25 Desemba yatoka Rumi, nayo yahusu mwaka 336. Upande ule wa dunia Desemba ni mwezi wa giza. Jua huchelewa kuchomoza na huwahi kutua, miti hupukutika majani, ng'ombe hufungiwa mazizini, na shamba halina kitu. Kwa hiyo watu wa huko walijiwekea akiba ya vitu vitamu kwa ajili ya sikukuu: matunda makavu, lozi, na mikate ya asali. Wadachi wa mji wa Nürnberg wana mkate wao wa asali uliosifika kwa karne nyingi, nao hutiwa viungo, na kimojawapo ni karafuu. Katika karne ya 19 sehemu kubwa ya karafuu za dunia ilitoka Unguja na Pemba, katika mashamba yaliyolimwa na watumwa, na wengi wao walikuwa wametolewa bara. Basi mtoto wa Ulaya aliyekula mkate wake wa Krismasi kando ya moto alikuwa akila jasho la watu wetu, wala hakuwa na habari.

Kwetu hakuna baridi ya namna hiyo. Asubuhi katika milima ya Tarime mtu hujifunika blanketi, ni kweli, lakini Desemba ni mwezi wa mvua za vuli. Njia zina tope, majani yameota, ng'ombe wana maziwa. Kinachopungua ni nafaka, maana mazao ya vuli bado yako shambani. Ndipo twauliza, katika nchi kama hii desturi ya kula vitu vitamu siku ya Krismasi ilitoka wapi, na ni nani aliyeitunza hata ikatufikia sisi? Wengi husema, "Wamisionari walikuja nayo." Jibu hilo lina ukweli kidogo. Wamisionari walikuja na Habari Njema na tarehe. Chakula cha siku hiyo kilitafutwa na baba zetu na mama zetu, na katika kila kizazi kilipatikana kwa taabu mpya.

Kabla ya sukari kufika, utamu wa nchi hii ulikuwa muwa, ndizi mbivu, viazi vitamu, matunda ya porini, na juu ya vyote asali. Upande wa Tarime, kwenye milima yenye rutuba, migomba ilistawi. Upande wa Serengeti, kwa Waikoma, Wanata na Wangoreme, asali ndiyo iliyokuwa na heshima. Waikoma hasa walikuwa wawindaji hodari, na mwindaji mzuri huijua miti yenye nyuki kama mchungaji azijuavyo ng'ombe zake. Yuko ndege mdogo aongozaye watu kwenye mzinga kwa sauti yake, akirukaruka mbele tawi kwa tawi, na wazee walimwachia kipande cha sega kuwa ujira wake. Asali ilitengenezewa pombe ya wazee, ilitiwa katika dawa, na sega lililobaki lilitafunwa na watoto. Lakini jambo moja lifaa kukumbukwa: asali haikuwa na tarehe. Ililiwa ilipopatikana.

Wamisionari nao hawakuwa wa namna moja. Mapadre wa White Fathers, shirika lililoanzishwa Algiers na Mfaransa, Kardinali Lavigerie, mwaka 1868, walifungua misheni ya Nyegina karibu na Musoma mwaka 1911. Hata leo Wakatoliki wetu husema "Noeli", neno la Kifaransa, na Waprotestanti husema "Krismasi", neno la Kiingereza. Kwa neno hilo moja waweza kujua mtu alibatizwa wapi. Waadventista Wadachi walifika Majita na Ikizu kabla ya vita ya 1914, nao walikazia Sabato, wala Krismasi hawakuifanya siku takatifu ya kanisa. Wamennonite kutoka Lancaster katika Pennsylvania, Marekani, walifika Shirati mwaka 1934. (Shirati ilikuwa katika wilaya ya Tarime mpaka Rorya ilipofanywa wilaya mwaka 2007.) Hao walikuwa watu wa mavazi ya kawaida na nyumba za ibada zisizo na mapambo, watu ambao hawakutazamiwa kuwafundisha Wakurya na Wajaluo karamu za anasa. Basi mtu akitaka kusema kwamba Krismasi yetu yenye chai na maandazi ilishuka melini pamoja na sanduku la Mzungu, na atuonyeshe ni Mzungu yupi.

Sukari ndiyo iliyoshuka melini, na habari yake ni hii. Reli kutoka Mombasa ilifika ziwani, mahali paitwapo leo Kisumu, mwezi wa Desemba 1901. Toka hapo meli zilizunguka ziwa, na Musoma ikawa bandari. Maduka ya Wahindi yakafuata bandari. Katika miaka ya 1920 sukari ilianza kutengenezwa karibu nasi, Miwani, upande wa Kisumu. Jina la mahali lasema lenyewe, yaani kwenye miwa. Katika miaka ya 1930 mashamba makubwa ya miwa yakaanzishwa Arusha Chini karibu na Moshi. Lakini sukari kuwapo dukani si sukari kuwapo nyumbani. Ilitaka fedha, na fedha kwa mtu wa Tarime zilikuwa za kodi kwanza.

Fedha zililetwa na vijana. Wengine walikwenda kwenye machimbo ya dhahabu ya Buhemba na Kiabakari, wengine kufanya kibarua Kenya. Wakurya wengi waliingia katika jeshi la King's African Rifles, na vita ya 1939 hata 1945 ikawachukua wengine zaidi mpaka nchi za mbali. Jeshini walizoea chai yenye sukari, na waliporudi hawakutaka kuiacha. Lakini nyumbani haikuwezekana kunywewa kila siku. Ndipo ikawekewa siku, na siku iliyofaa ilikuwa Krismasi, kwa kuwa ndiyo iliyowakuta watu kanisani pamoja, na vijana wa kazi wamepewa ruhusa kurudi kwao. Kwa maoni yangu hapa ndipo desturi ilipozaliwa. Mshahara, ruhusa ya kazi, na ibada vilikutana katika juma moja la mwaka.

Wali ulifuata njia hiyo hiyo. Katika nchi ya ugali wa ulezi na mtama, sahani ya wali ilikuwa jambo la ajabu, na mtoto aliweza kueleza hata mwezi wa Februari jinsi alivyoula. Maandazi nayo yalitoka pwani, na neno lenyewe ni la kuandaa. Mama aliyejifunza kuyapika katika nyumba ya misheni, au kwa mke wa askari polisi aliyewahi kukaa Mwanza, aliwafundisha jirani zake. Unga wa ngano ulinunuliwa kwa vikombe, mafuta kwa kibaba kidogo. Usiku wa tarehe 24 ndio uliokuwa usiku wa kukanda na kukaanga, na watoto hawakulala, maana andazi la kwanza lililoharibika umbo lilikuwa mali yao. Asubuhi yake kila mtoto alipewa hesabu yake kamili, mawili au matatu, wala hakuna aliyeuliza la nne.

Katika wakati huo huo utamu wa zamani ulikuwa ukiondoka. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilitangazwa mwaka 1951, na mipaka yake ikabadilishwa mwaka 1959. Watu wa Ikoma na jirani zao waliona pori walilowinda na kurina asali limekuwa mahali wasipoweza kuingia bila kushtakiwa. Sisemi hapa kwamba hifadhi ni mbaya. Wanyama wale ni utajiri wa nchi nzima. Lakini mwenye kuandika historia hana budi kuandika hasara pia. Watoto wa ukingoni mwa hifadhi walipoteza asali ya pori pale pale sukari ilipowafikia, na katika nyumba nyingi ujuzi wa miti ya nyuki ulikufa pamoja na babu. Siku hizi yako mizinga inayotundikwa vijijini, na asali yauzwa kwa chupa sokoni Mugumu, tena ni nzuri. Ila sasa hununuliwa, kama sukari.

Jaribu kubwa la desturi hii lilikuja baada ya uhuru. Mwaka 1974 watu wa Mara walihamishiwa vijijini, na nyumba nyingi, migomba na mashamba yaliachwa nyuma. Krismasi ya mwaka ule wengi waliila katika vibanda vipya visivyokauka udongo. Kisha, Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera, na kiwanda cha sukari cha huko kiliporwa na kuharibiwa. Vita ilikwisha 1979, lakini mafuta ya dunia yalikuwa ghali, fedha za kigeni hakuna, na viwanda vilivyobaki vilikosa vipuri. Waliokuwa watoto miaka ile ndio wazee wa makanisa yetu leo, nao husimulia bila kuchoka: sabuni hakuna, kitambaa hakuna, sukari yagawiwa kwa foleni na kwa orodha ya balozi wa nyumba kumi. Mwaka 1983 serikali chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine ilipiga vita wahujumu uchumi, na watu wengine walikamatwa kwa kuwa na bidhaa zilizofichwa. Tangu 1984 bidhaa zikaanza kuruhusiwa tena kuingia nchini.

Kwa mantiki ya tumbo, desturi ya Krismasi ilipasa kufa katika miaka ile. Haikufa. Tarime ina mpaka, na ng'ambo ya Sirari walikuwapo Wakurya wenzetu, ndugu wa ukoo mmoja, waliotengwa nasi kwa mstari uliochorwa na Waingereza na Wadachi. Huko sukari ilikuwapo, kwa maana Kenya ilikuwa na viwanda vyake, na kile cha Awendo kilianza kusaga miwa karibu na mwisho wa miaka ya 1970. Wazazi walivuka usiku. Kisheria ilikuwa magendo, na waliokamatwa walinyang'anywa mizigo yao. Mwalimu hawezi kuyasifu magendo. Walakini nimewasikia akina mama wazee wakieleza jinsi kilo moja ya sukari ilivyofungwa katika kanga, ikafichwa ndani ya chungu cha ulezi tangu Oktoba, ikangojea. Waliokosa sukari nyeupe walitumia sukari guru, ile ya vipande vyekundu, ambayo wengine waliipika gongo na wengine wakaitia katika uji wa watoto. Waliokosa hata hiyo walirudia muwa na ndizi mbivu. Katika nyumba hizo mtoto hakuambiwa kwamba mwaka huu Krismasi haipo. Aliambiwa tu kwamba chai ya mwaka huu haina sukari nyingi.

Watoto wa miaka ile na wa miaka iliyofuata sasa ni watu wazima. Wengi wako Mwanza, Dar es Salaam, Arusha na kwingine, katika polisi, jeshi, ualimu na biashara. Mwezi wa Desemba mabasi ya kuja Tarime na Mugumu hujaa, na nauli zikapanda. Ukiwauliza wanakuja kula nini, hawakutajii kitu cha mjini. Hutaja chai ya maziwa iliyokolea sukari kupita kiasi, na andazi lililokaangwa na mama usiku. Lakini kwa watoto wao chai ya sukari ni jambo la kila asubuhi, pipi ni za kila duka, na soda haina maana ya sikukuu. Mapema mwaka 2024, mvua nyingi zilipozuia viwanda kufanya kazi, sukari iliadimika na bei ikaruka. Hapo tu watoto walionja kidogo mambo ya babu zao, nao walinung'unika sana. Basi mtu mzima anayetaka kuwapa wanawe Krismasi ile aliyopewa hawezi kuwapa kwa kununua. Ziko nyumba zilizogundua jambo hili. Hizo hazinunui maandazi ya dukani juma la sikukuu. Unga hukandwa nyumbani usiku ule ule, watoto hukata na kuhesabu, na asali ya Mugumu huwekwa mezani kwa asubuhi moja tu. Mimi naona wamefanya vema.

Lakini, ndugu wasomaji, Desemba ya nchi yetu ina sikukuu ya pili, na siwezi kuandika juu ya vitu vitamu vya mwezi huu nikaifunika. Kwa Wakurya mwezi huu ndio wakati wa saro, yaani tohara. Baraza la wazee wa ukoo, inchama, hutangaza mwaka, na mara nyingi huwa ni mwaka unaogawanyika kwa mbili. Tohara ya wavulana haina ugomvi na kanisa, na wengi hupelekwa hospitali. Wasichana ndio walio katika hatari. Sheria ya mwaka 1998 yakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 5 mpaka 15. Uchunguzi wa afya wa taifa wa 2015–16 ulionyesha kwamba katika Tanzania wanawake 10 kwa kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, na katika mkoa wa Mara 32. Uchunguzi wa 2022 uliiteremsha hesabu ya taifa kuwa 8. Yapungua, lakini polepole.

Sasa tazameni jinsi msichana anavyoitwa. Haitwi kwa kutishwa peke yake. Huahidiwa nguo mpya, kanga, fedha, soda, nyama na wali. Ndugu humjia njiani wakiimba na kumtunza. Yaani vitu vile vile vilivyokusanywa na wazazi wetu kwa taabu ili kumfurahisha mtoto siku ya Bwana, hukusanywa pia ili kumpeleka kwenye kisu, katika mwezi ule ule na mara nyingine katika nyumba ile ile ya Mkristo. Ng'ombe wa mahari ndiye asemaye nyuma ya karamu hiyo, kwa maana wapo wazazi wanaoamini kwamba binti aliyekeketwa huolewa kwa wengi zaidi. Sukari ni moja, na karamu ni mbili. Mzazi hawezi kuzihudumia zote mbili na kusema anatunza desturi tu.

Wasichana wengine hukimbia. Katika Masanga, wilaya ya Tarime, kituo cha Kikatoliki kimewapokea tangu 2008, na katika miaka ya saro wamefika mamia. Katika Mugumu, Dayosisi ya Anglikana ya Mara ilifungua nyumba ya usalama mwaka 2014, na Rhobi Samwelly, aliyeiongoza, alianzisha baadaye, mwaka 2017, shirika liitwalo Hope for Girls and Women ambalo lina nyumba Mugumu na Butiama. Sinema iitwayo In the Name of Your Daughter, iliyotolewa mwaka 2018, yaonyesha wasichana hao wakifika, wengine wadogo sana, wengine kwa miguu usiku. Watoto hawa hukaa huko Desemba yote. Krismasi yao huila mbali na mama zao.

Nimefikiri sana juu ya Krismasi hiyo. Mtoto aliyetoroka hakuichukia nyumba yao. Anakumbuka sauti ya mama yake jikoni kama mtoto mwingine yeyote, na siku ile hupewa wali na kitoweo na watu wema asiowajua. Januari ikifika, wasimamizi huwaita wazazi, pamoja na polisi na maofisa wa ustawi, na mzazi huandika ahadi kwamba hatamkeketa binti yake. Wanaoandika hurudishiwa watoto, nao hutembelewa baadaye. Wasioandika huondoka peke yao, na mtoto hubaki, husomeshwa huko huko.

Kwa hiyo wazee wa kanisa katika kila kijiji wanayo kazi kabla ya shule kufungwa: kuwajua wasichana wa darasa la tano, la sita na la saba kwa majina, na kuzungumza na baba zao mwezi wa Novemba, si Desemba, maana Desemba shauri limekwisha katwa. Baba akiahidi mbele ya wazee, na ale Krismasi na binti yake nyumbani, na jirani waione. Na wale wanaorudi na mabasi kutoka mijini na mifuko ya sukari na mchele, ambao ukoo huwasikiliza kwa sababu wana fedha, waseme neno hilo kwa kaka zao siku ya kufika, kabla mizigo haijafunguliwa. Anayetaka kupeleka sehemu ya mzigo wake Masanga au Mugumu na awaulize kwanza wasimamizi wa nyumba ni kitu gani kinachopungua. Huenda ikawa sukari, na huenda ikawa madaftari ya Januari.